Ngozi ya Ndani ya Hatamu

Baba yangu huijua ngozi kwa meno. Ukimletea kipande, kwanza atakinusa, kisha atakikunja karibu na sikio asikie kinavyolia, na mwisho atatia pembe yake jinoni na kuibana kidogo. Ngozi ya ng'ombe mzee hugoma. Ya mbuzi hukubali upesi. Ya ng'ombe aliyekufa kwa maradhi ina uchungu ambao, kwa maneno yake, hakuna dawa ya kudabaghi, ya kutengenezea ngozi mbichi, inayouondoa. Alianza hivyo tangu alipokuwa akijifunza kushona makubadhi, viatu vyetu vya wazi vya ngozi, na mimi tangu utotoni nimezoea kumwona akiiweka ngozi kinywani kama watu wengine wanavyoonja mchuzi.

Mimi, binti yake, nafanya kazi bandarini, Malindi ya hapa Unguja. Mzigo unapoteremshwa nasoma kilichoandikwa juu ya boksi, nakinakili kwenye daftari, na kama kilichoandikwa hakifanani na kilichomo, naripoti. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na sita na sijawahi kuonywa. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba sikujua thamani ya karatasi iliyobandikwa juu ya furushi.

Chumba cha kazi cha baba kiko chini ya nyumba yetu, Mji Mkongwe, mlango wake umeelekea kwenye uchochoro. Ukuta wa pili yupo fundi cherehani, rafiki yake wa miaka mingi, na wawili hawa huzungumza siku nzima bila kuonana, kila mmoja akiwa kwake, sauti zikipita kwenye milango iliyo wazi. Zamani baba alikuwa na oda za makubadhi za harusi na za Idi zinazomtoa jasho. Miaka ya karibuni makubadhi yalimfia mkononi. Duka la hatua chache kutoka kwake linauza ya plastiki, yamepigwa nakshi kwa mashine na kuandikwa jina la kisiwa chetu kwenye soli. Yalikuja kwa kontena ambalo huenda nililiandika mimi mwenyewe. Wageni husimama mlangoni kwa baba, humpiga picha akichoma nakshi, hucheka naye, halafu huingia duka lile wakanunua ya plastiki.

Hakulalamika. Alianza tu kuchelewa kufungua. Kisha akawa anafungua na kukaa. Nikirudi kazini mchana namkuta ananoa kisu ambacho hakikukata kitu tangu jana yake. Ndevu zake, ambazo alikuwa akizitengeneza kila Ijumaa, aliziacha zikaota ovyo. Siku moja nilimkuta amejilaza juu ya ubao wake wa kazi, mchana kweupe, macho wazi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Nnaumwa na kukaa."

Farasi walitutokea katika hali hiyo. Kuna hoteli moja pwani ya mashariki inayofuga farasi wa kuwatembeza wageni ufukweni. Mtunza farasi wao, mtu wa makamo kutoka bara, Mkristo, mpole wa kusema, alifika mlangoni siku moja na mfuko mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Kiatu?"

"Si kiatu, mzee wangu. Ni hatamu. Imekatika mgeni akiwa juu ya farasi. Kidogo tuue mtu."

Hatamu ni mikanda miwili mirefu anayoishika mpanda farasi, inayotoka kwenye chuma kilicho kinywani mwa mnyama. Baba aliigeuza, akainusa, akaitia jinoni. "Ngozi haina kosa," akasema. "Aliyeshona ndiye mjinga. Kashona kwa uzi wa pamba kitu kinachokaa na chumvi ya bahari."

Fundi cherehani akapaza sauti kutoka kwake: "Yakhe! Sasa ndio unawavisha farasi makubadhi?"

"Farasi ana miguu minne," baba akajibu. "Nikimpata mmoja nshapata wateja wawili. Weye kaa hapo, labda siku moja atakuja kukatisha kanzu."

Nilikuwa ndani, nikasikia kicheko cha baba. Sikuwa nimekisikia kwa miezi.

Akaitengeneza ile hatamu siku hiyo hiyo. Wiki ya pili zikaja nyingine tatu, na baada ya hapo mwenye farasi, mwanamke wa Kizungu, akataka apate hatamu mpya kumi. Mazungumzo yote nilifanya mimi kwa simu, kwa sababu baba hajui Kiingereza. Nilimsifia baba, nikamhakikishia yule mwanamke kwamba hakuna fundi wa ngozi kama yeye kisiwa kizima, nikaahidi muda. Nilijiona mtu wa maana. Nikawapigia ndugu zangu walioko Dar es Salaam nikawaambia nimemfufua baba.

Hatamu ya kwanza ilimshinda. Aliikata kama anavyokata makubadhi: upande mmoja wa ngozi kwa mguu wa kulia, upande wa pili kwa mguu wa kushoto, na akachagua sehemu ya tumbo kwa sababu ni laini na mguu hupenda laini. Mtunza farasi akairudisha baada ya siku nne, anacheka. Mkanda mmoja ulikuwa umevutika kuliko mwenzake, na farasi alikuwa akienda upande kama kaa. Baba hakucheka. Alikaa akaifikiri ngozi upya, mtu wa miaka sabini na moja, mpaka akajua kwamba mikanda yote miwili inabidi itoke mgongoni, bega kwa bega, kwenye mstari wa uti. Tangu siku ile hakukosea tena. Alikata kwa kisu kimoja bila kunyanyua mkono, akapunguza kingo, akazisugua kwa nta mpaka zikang'aa, akatoboa kwa maharazi, ile sindano nene ya mpini, kisha akashona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja. Ngozi huiloweka kwanza ili ikubali. Uzi huubana kwa midomo wakati mikono yote miwili ina kazi. Ndivyo alivyofundishwa, na sijui fundi wa makubadhi afanyaye vinginevyo.

Alifungua mapema. Akatengeneza ndevu. Mchana alikuwa akiniita kabla sijavua viatu, "Njoo utazame," nami naenda natazama.

Kisha yule mwanamke akataka kitu kimoja zaidi. Wageni wake walikuwa wanachubuka viganja. Akaomba pale mkono unaposhika hatamu pawekwe ngozi laini kwa ndani, na ngozi hiyo atailetesha mwenyewe kutoka kwao. Nikamwambia hapana tabu.

Furushi lililetwa na mtunza farasi wakati wa alasiri, baba yuko msikitini. Akaniachia mlangoni, hakulifungua, akawahi gari. Nililifungua mimi. Ilikuwa ngozi ya rangi ya chai ya maziwa, nyembamba, laini mno. Ndani yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa, na karatasi ilisema kwa Kiingereza kwamba hii ni ngozi ya nguruwe.

Nililielewa jambo lile papo hapo. Kwetu sisi ngozi ya mnyama ikishadabaghiwa hutoharika, isipokuwa ya wanyama wawili, mbwa na nguruwe. Hilo baba alinifundisha kabla sijaanza shule, kwa kuwa ni sehemu ya kazi yake. Nilielewa pia kwamba yule mwanamke hakuwa na ubaya. Hakujua, na angeambiwa angeleta nyingine. Simu moja tu ingetosha. Lakini ningempigia mimi, niliyekwisha sema hapana tabu. Oda ingesimama wiki nyingi, pengine ingekufa, na baba angerudi kulala juu ya ubao. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya kwa ajili yake. Nusu ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba sikutaka kuonekana nimeshindwa.

Niliibandua karatasi, nikaichana, nikatia vipande katika mkoba wangu wa kazini. Kesho yake nikavitupa katika pipa la taka la bandarini.

Baba alirudi, akaiona ngozi, akaivuta kwenye mwanga wa mlango.

"Ngozi gani hii?"

Akaisogeza machoni. "Tazama matundu yake. Yamekaa matatu matatu, kama mafiga. Ng'ombe hana hivi. Mbuzi hana. Kondoo hana."

"Ndama," nikasema. "Ndama wa Ulaya."

"Ndama wa Ulaya." Aliyarudia maneno kwa heshima. "Wanawalisha nini hawa hata ngozi ikawa hariri?"

Akainusa, akaikunja karibu na sikio. Kisha akatia pembe yake jinoni. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na mikono yangu haikuwa na kazi yoyote. Nilimwacha.

Watu wa mbali huenda wakashangaa fundi wa zaidi ya miaka hamsini asiijue ngozi ile. Asingeijua. Amezaliwa, amekua na amezeeka mahali ambapo mnyama yule hachinjwi mbele yake wala ngozi yake haipiti mkononi mwake. Alizijua zote isipokuwa moja, na kutoijua hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya usafi wake. Nami nikapitia hapo hapo kumdanganya.

Kazi ile ilikwenda siku kumi na tisa. Aliloweka ngozi katika bakuli, akaivuta juu ya ubao, akaishona na uzi midomoni. Adhana ikilia anafuta mikono kwa kitambaa, anatia udhu, anakwenda msikitini. Kila adhana ilikuwa nafasi ya kusema. Nilihesabu nafasi hizo kwa siku mbili za mwanzo, kisha nikaacha kuzihesabu.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kuliruka, lakini nikiliruka habari hii itakuwa haina maana. Mimi na baba tangu mama alipofariki tunakula sahani moja. Siku ile ya kwanza alipokaa mkekani akamega ugali, nikavitazama vidole vyake, na nikasema nimekwisha kula kazini. Siku ya pili nikasema tumbo. Siku ya tatu nikaanza kupakua chakula changu pembeni mapema, nikila jikoni peke yangu. Akaniuliza, "Mbona huli nami siku hizi?" Nikamwambia saa za kazi zimebadilika. Yaani nilijikinga mimi. Yeye nilimwacha aitie kinywani.

Hatamu sita zilipokuwa tayari, mtunza farasi akaja kuzichukua. Ilikuwa asubuhi ya siku yangu ya mapumziko, nipo mlangoni. Alizisifia moja moja, akavuta mishono, akapitisha kidole gumba upande wa ndani. Kidole kikasimama.

"Mzee, samahani. Ngozi hii mliipata wapi?"

"Si uliileta mwenyewe?"

"Nilileta furushi, mzee. Sikulifungua." Akasita. "Mimi nilidhani nyie hamuigusi."

"Hatuigusi nini?"

"Ya nguruwe."

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Baba alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri mzaha umalizike. "Nguruwe yuko wapi hapa? Hii ya ndama."

"Kwetu tunafuga, mzee wangu. Nywele zake zinaota tatu tatu, ndio matundu haya." Alimtazama baba usoni, akaona kinachotokea, akataka kurudi nyuma. "Labda nimekosea, mzee. Macho yangu haya."

Baba hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Ulisema ndama."

Nikaushika mlango.

Nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, siku moja moja, akitafuta. Kisha akapata.

"Ndio maana ulikuwa huli nami," akasema.

Hakuna alichoniambia zaidi ya hapo kuhusu jambo lile, hadi leo. Alimwambia mtunza farasi achukue vyote, zilizokwisha na zisizokwisha na ngozi iliyobaki, asiache hata kipande, na akamwombea safari njema. Yule bwana alikuwa karibu kulia. Akaniambia pole mimi, na sikujua ananipa pole ya nini.

Kilichogusana na nguruwe kukiwa na unyevu kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mji Mkongwe hauna udongo. Ni mawe, saruji, na vumbi la vichochoro ambalo hakuna mtu angetaka kujitoharishia. Nikasema nitakwenda Kidichi, shambani kwa shangazi. Nikaenda, nikachimba chini ya mkarafuu, mbali na njia, mbali na banda, nikarudi na mfuko kabla ya adhuhuri.

"Umeuchota wapi?"

"Kidichi, baba. Chini ya mkarafuu wa shangazi."

"Nani alikuona?"

Nilikuwa peke yangu. Shangazi alikuwa ameondoka nyumbani asubuhi. Baba akautazama mfuko, akausogeza kwa mguu ukutani, kisha akamwita fundi cherehani na kumwomba, kama hatojali, amtafutie udongo kwa wakwe zake shamba.

Waliosha pamoja, yeye na rafiki yake, uchochoroni, mbele ya macho ya wapita njia. Mimi sikuruhusiwa hata kumimina maji. Waliosha visu, nyundo, maharazi, sindano moja moja, bakuli. Ubao wa mninga, ambao alirithi kwa mwalimu wake, aliuosha mara saba kama vingine, akautazama, kisha akaupasua kwa shoka. Alisema mti unakunywa. Mwisho akaosha mikono, na baada ya mikono akakoroga udongo na maji kikombeni, akayatia kinywani, akayasukasuka, akatema. Rafiki yake akammiminia maji safi, akasukutua na kutema mara sita. Alipoinuka, ndevu zake zilizotengenezwa vizuri zilikuwa zimejaa matope. Wageni wawili waliokuwa wakipita walitaka kumpiga picha. Fundi cherehani akawafukuza.

Alikwenda kwa sheikh pamoja na rafiki yake, na yaliyosemwa huko niliyapata kwa huyo rafiki, kwa sababu nilimbana. Sheikh alimwambia kwamba hakujua na hana dhambi, lakini kwa usalama wa moyo wake azirudie sala za siku zile. Baba akauliza, "Na aliyejua?" Sheikh akasema hilo ni baina yake na Mola wake.

"Basi?" nikamuuliza fundi cherehani. "Baba akasemaje?"

"Akasema ahsante. Bibi we, ulitaka asemeje?"

Jioni hiyo baba akaniuliza swali moja: furushi lilifika tarehe gani? Mimi huandika kila kitu, nilikuwa nayo. Nikamtajia tarehe na wakati. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua simu, akamtafuta mtunza farasi, akamuuliza yeye. Tarehe zikalingana. Hata hivyo akaanzia siku moja nyuma, kwa tahadhari. Kwa siku nyingi baada ya hapo, kila alipomaliza sala yake ya wakati, alisimama akasali nyingine. Magoti yake si ya kazi hiyo. Nilikuwa nikimsikia chumba cha pili akishika ukuta kunyanyuka.

Ndugu zangu hawajaambiwa. Wanadhani ameacha hatamu kwa ajili ya macho, na yeye amewaacha wadhani hivyo. Anashona makubadhi machache juu ya ubao mpya wa mwembe ambao anasema haujatulia. Hafungui mapema. Yule mwanamke wa farasi aliniandikia kwamba hatamu ni nzuri kuliko za kwao, wageni wanazipenda zilivyo laini mkononi, na angependa nyingine. Nilimjibu kwamba fundi hafanyi tena kazi hiyo. Aliuliza sababu. Sikumjibu.

Chakula tunakula tena pamoja. Yeye ndiye aliyeniita, baada ya kuosha kila kitu, na nikakaa, nikamega. Ananipa sehemu ya samaki isiyo na miiba kama zamani. Ananiuliza habari za kazi. Mtu akituona atasema hakuna kilichobadilika.

Mwezi uliopita alipewa karatasi hospitali kuhusu kutolewa mtoto wa jicho. Imeandikwa kwa Kiingereza. Akanipa niisome, nikamsomea polepole: siku, saa, aje na mtu wa kumrudisha, asile kitu kuanzia alfajiri. Alisikiliza vizuri. Akasema ahsante mwanangu, akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa kanzu, akavaa makubadhi yake na kutoka nje. Nikamsikia anakaa kwenye baraza ya jirani, na karatasi ikikunjuliwa. Mtoto wa kike wa fundi cherehani, anayesoma chuo, akaanza kumsomea: siku, saa, aje na mtu wa kumrudisha, asile kitu kuanzia alfajiri.

"Hivyo hivyo?" baba akauliza.

"Hivyo hivyo, babu."

"Haya. Ahsante."